Gari la babu likichemsha, wajukuu wawe wapi?

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Februari, saa saba na nusu mchana, na foleni ya Barabara ya Nyerere kuelekea TAZARA ilikuwa imesimama kabisa. Katikati ya bajaji na daladala kulikuwa na Range Rover ya kijani ya miaka ya 1980, ikirudi Keko Machungwa kutoka msibani Gongo la Mboto. Nyuma ya usukani alikaa babu, mstaafu anayelipenda gari hilo kiasi kwamba jirani zake wanamtania kuwa ni mke wa pili. Pembeni alikaa binti yake, na kiti cha nyuma wajukuu wawili, wa kike wa miaka saba na mdogo wake wa miaka minne.

Mshale wa joto ulianza kupanda walipofika Kipawa. Binti aliuona.

"Baba, hili gari linachemsha."

"Litapoa tukitembea," alijibu mzee.

Hawakutembea. Mvuke ulipoanza kutoka kwenye boneti, mzee alisogea pembeni, akateremsha vioo kidogo tu ili watoto wapate hewa, akazima injini na kushuka na tambara mkononi. Mjukuu wa kike naye akashuka upande wa pili, kwa sababu hakuna mtoto wa miaka saba anayekaa ndani wakati mbele kuna moshi. Mzee alifunga tambara kwenye kifuniko cha rejeta, akakizungusha.

Maji yaliruka juu kama bomba lililopasuka. Mzee aliungua mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko. Mjukuu, aliyekuwa amefika ubavuni mwake bila yeye kujua, alipata matone mengi shingoni na begani.

Kifuniko cha rejeta hakifanani na kifuniko cha sufuria. Kazi yake ni kuyabana maji. Kwenye hewa ya kawaida ya Dar es Salaam maji huchemka yakifika nyuzi 100, lakini ndani ya rejeta iliyofungwa vizuri yanaweza kukaribia nyuzi 120 bila kugeuka mvuke. Ukikifungua ghafla mgandamizo unaondoka, na maji yote yaliyokuwa yamezuiwa yanachemka kwa mara moja na kutafuta njia ya kutokea. Tambara halisaidii chochote. Maji ya nyuzi 60 tu huhitaji sekunde chache kuiunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi.

Hapo watu walijaa, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alitaka kupaka dawa ya meno, mwingine alisema yai bichi, mwingine akamwita kijana wa duka alete mafuta ya kupikia. Aliyemwokoa mtoto ni kijana anayeosha magari kando ya barabara. Alikuja na mpira wa maji, akamwelekezea begani na hakuuondoa. Ndivyo inavyotakiwa: maji ya kawaida yanayotiririka, yasiyo na barafu, kwa dakika 20 zilizohesabiwa kwa saa, huku nguo iliyolowa maji ya moto ikivuliwa kama haijagandana na ngozi. Baada ya hapo ni kitambaa safi kisicho na nyuzi, au nailoni safi ya kufungia chakula, na safari ya hospitali. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga hulifungia joto ndani ya ngozi na kuingiza vijidudu, na muuguzi atalazimika kuyaondoa yote hayo mtoto akiwa analia upya. Malengelenge yasitumbuliwe. Na hospitali si suala la kujadiliana iwapo kuungua kumezidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au kumegusa uso, shingo, mikono, viungo au sehemu za siri.

Kuna jambo moja ambalo katika purukushani hiyo karibu limpite kila mtu. Mama mmoja muuza machungwa, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa gari, aliuliza: "Na huyu je?"

Mtoto wa miaka minne alikuwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Dakika zilikuwa zimepita kama 20. Injini imezimwa, vioo vimeshushwa upana wa vidole vitatu, jua la saa nane linapiga kwenye kioo cha mbele. Alikuwa mwekundu wa macho, amelowa jasho hadi kaptula, na hakuwa analia. Ukimya huo ndio uliomshtua yule mama.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi kati ya 22 na 36 hivi. Ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya mwanzo. Kuacha vioo wazi kidogo hakukubadilisha kitu. Ukichukua mchana wa Februari wa Dar es Salaam, wenye nyuzi 32 na unyevu wa kaskazi, hesabu hiyo inakufikisha kwenye nyuzi 50 kabla fundi hajafika. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na jasho lake halimpozi vya kutosha hewa ikiwa nzito namna ile.

Walimtoa, wakamweka kwenye kivuli cha ukuta, wakamvua shati, wakamlowesha mwili mzima na kumpepea kwa kipande cha boksi. Alipoanza kulia akapewa maji kwa vijiko. Angekuwa ameduwaa, anatapika, anatetemeka au hamtambui mama yake, hapo pangekuwa si mahali pa kusubiri. Joto la mwili likifika ubongo ni dharura, na kupozwa kunaendelea njiani hadi mlango wa hospitali.

Kwa hiyo jibu la swali la kichwa cha habari ni fupi. Gari likichemsha, watoto wanashuka kwanza, wote, kwa mlango usioelekea magari yanayopita, wanakaa kivulini mbali na boneti na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine. Ndipo boneti inafunguliwa, ili hewa ipite tu, na kifuniko hakiguswi kwa muda usiopungua nusu saa, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono mtupu na kubonyea.

Lakini kwa nini gari lile lilichemsha? Wiki iliyofuata fundi mmoja wa Keko alilifungua mbele ya mzee, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa bandeji.

Range Rover ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1970 ikiwa na injini ya silinda nane ya lita 3.5, na mwili wa injini ile pamoja na hedi zake ni aluminiamu. Ni injini yenye nguvu, na nguvu ina gharama yake: katika injini yoyote ya petroli, takribani theluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya kupozea na theluthi nyingine hutoka na moshi. Gari likiwa mwendoni upepo unasaidia. Kwenye foleni hakuna upepo, kuna feni peke yake.

Na feni ya mzee ilikuwa imekufa. Kwenye magari haya feni haiendeshwi na umeme. Inazungushwa na injini kupitia kikombe chenye mafuta mazito ya silikoni, ambacho joto likipanda kinatakiwa kuikamata feni ili izunguke kwa nguvu. Mafuta yale yakivuja, feni inazunguka kivivu tu. Kipimo chake hakina gharama. Injini ikiwa imezimwa na ya moto, feni inatakiwa kuwa nzito ukiisukuma kwa kijiti. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi, kikombe kimekwisha.

Fundi akatoa rejeta na kuigeuza. Kilichotoka ni tope la rangi ya kutu lenye chembe nyeupe.

"Mzee wangu, maji unajaza ya wapi?"

"Ya kisima. Hapo nyumbani."

Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, kila mwenye nyumba anajua kwa kuangalia birika lake. Chumvi ile ile inayoganda kwenye birika huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na mbaya zaidi inakula aluminiamu. Injini ya aina hii inahitaji kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu, na kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Kulanti haipo kwa ajili ya nchi za baridi tu, kama wengi wanavyodhani. Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Kisha kulikuwa na suala la themostati, ambayo haikuwepo. Iliondolewa miaka mingi iliyopita na fundi mwingine, kwa hoja inayosikika kila gereji ya mjini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Wazo hili halikosi mantiki, lakini halimsaidii mtu aliyesimama kwenye foleni. Injini ikishapata moto, themostati nzima inakuwa imekwisha kufunguka. Kuitoa hakuongezi upoaji wa maana, bali hufanya injini iende baridi mno barabarani, inywe mafuta, ilike mapema, na mwenye gari aamini tatizo limeondoka wakati rejeta inaendelea kuziba. Kifuniko nacho kilikuwa cha gari jingine. Fundi alikagua pia taimingi, kwa sababu cheche ikichelewa injini hupata moto zaidi, na mikanda, na mipira iliyokuwa laini kama ndizi mbivu.

Magari ya umri huu yanaweza kuvumilia joto letu yakitunzwa. Mbio za Safari zilipoanzishwa mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 504 zilizoshinda mwaka 1975 na 1978 hazikuwa na teknolojia yoyote ambayo fundi wa Keko hawezi kuielewa. Zilikuwa na mafundi waliosubiri njiani, jambo ambalo babu hakuwa nalo pale njiani.

Mshale ukianza kupanda kwenye foleni, kiyoyozi kinazimwa kwanza, maana kinaongeza mzigo kwenye injini na joto mbele ya rejeta. Vioo vinateremshwa vyote. Hita ya ndani inafunguliwa hadi mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Abiria watatoka jasho, na hapo ndipo mtu ajiulize kama watoto waendelee kukaa humo. Gia inawekwa huru na mafuta yanakanyagwa kidogo ili pampu na feni zizunguke. Mshale usiposhuka ndani ya dakika moja au mbili, ni kuegesha na kuzima. Kumwagia injini ya aluminiamu maji baridi ikiwa ya moto ni kuomba hedi ipinde au ipasuke, na gasketi iungue.

Fundi alipomaliza kujaza kulanti, alimimina iliyobaki kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu na kumkabidhi mzee. Binti akaichukua mikononi mwa baba yake.

Alikuwa na haki. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, kitu chenye ladha tamu, na hutiwa rangi ya kijani au ya waridi, kama juisi. Kiasi kidogo kinatosha kumdhuru mtoto mdogo. Mwanzoni huonekana kama amelewa, anayumba na kutapika, kisha anaweza kuonekana amepata nafuu huku sumu ikielekea kuharibu figo. Mtoto aliyekunywa asitapishwe na asisubiriwe dalili. Apelekwe hospitali papo hapo, na chombo chenyewe kiende naye, kwa kuwa dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo na inafanya kazi ikiwahi. Kulanti ikae kwenye galoni lake, lenye maandishi yake, juu ya kabati. Iliyomwagika chini ioshwe kwa maji mengi, kwa kuwa hata paka wa jirani atailamba.

Range Rover sasa imeegeshwa chini ya mwembe Keko, ikiwa na rejeta iliyozibuliwa, kikombe kipya cha feni na themostati. Siku za joto mzee analitoa kabla ya saa moja asubuhi au analiacha na kupanda bajaji. Mjukuu wake amebakiwa na kovu la ukubwa wa sarafu chini ya sikio. Akienda shuleni asubuhi anapita nyuma ya gari, ingawa njia ya mbele ndiyo fupi.