Kidole Gumba cha Larry Graham na Mipaka ya Uhakiki wa Maneno

Uhakiki wa nyimbo katika idara za fasihi umezoea kuyanukuu maneno, kuyapanga katika beti, kisha kuyachambua kana kwamba hayakuwahi kuimbwa. Upungufu wa mazoea hayo hudhihirika anapojadiliwa msanii kama Larry Graham, mpiga gita la besi na mwimbaji wa kundi la Marekani la Sly and the Family Stone.

Graham alizaliwa Beaumont, Texas, mwaka 1946, akakulia Oakland, California. Tangu ujanani alipiga muziki pamoja na mama yake, Dell, aliyekuwa mpiga piano na mwimbaji. Yeye alishika gita, huku miguu yake ikitoa sauti nzito kwenye pedali za kinanda. Kinanda kilipoharibika, alikodi gita la besi kwa muda tu. Baadaye kundi likabaki bila mpiga ngoma. Ndipo alipoanza kuzigonga nyuzi nene kwa kidole gumba badala ya ngoma kubwa, na kuzifyatua nyembamba kwa kidole kingine badala ya ngoma ndogo. Kuiita mbinu hiyo bahati, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kumdhulumu: bahati iliharibu kinanda, haikumfundisha mtu kupiga besi.

Katika kundi la Sly, lililochanganya soul na saikedelia, weusi na weupe, wanawake na wanaume, mbinu hiyo ilipata uwanja mpana. “Thank You” ya mwaka 1969 inaongozwa na gumba hilo. Katika “Everyday People” ya 1968, kinyume chake, besi inashikilia noti moja tu. Msomaji wa maneno ataona humo mahubiri ya usawa, na pengine atayaona mepesi. Msikilizaji atatambua kwamba noti hiyo isiyohama ndiyo sakafu wanayosimama juu yake waimbaji wote. Hoja ya usawa imo humo kabla haijatamkwa. (Wahakiki wa taarabu, wenye udi na fidla mbele yao, hawana udhuru wa kuendelea kusoma karatasi pekee.)

Graham aliliacha kundi mwaka 1972, akaunda Graham Central Station. Mwaka 1980 alivuma kwa “One in a Million You”, wimbo wa mapenzi wa taratibu unaotawaliwa na sauti yake nzito. Wengi waliomjua kwa wimbo huo hawakujua kwamba mwimbaji huyo alikuwa mpiga besi.