Simu ya Bure, Ushindani wa Kweli

Wiki iliyopita, saa sita usiku, mwenzangu wa chumba alikuwa anaongea na mteja aliyeko Uingereza kwa simu ya WhatsApp. Anamtengenezea tovuti. Hela ya kupiga simu ya nje hakuwa nayo, bando la intaneti alikuwa nalo. Baada ya dakika kumi akarudi kitandani kanyong'onyea: mteja kapata mtu Manila kwa nusu ya bei.

Jamani, simu iliyomletea mteja ndiyo hiyohiyo iliyompeleka mteja Manila. Hapo ndipo tulipo.

Zamani umbali ulikuwa na bei. Skype ilipoanza mwaka 2003, sauti ikawa inakatwa vipande na kusafirishwa njia moja na barua pepe, na Manila ikawa jirani ya London. Sisi tulichelewa. Mpaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea sana setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu angani. Unauliza swali, jibu linachelewa karibu nusu sekunde, mnaanza kuongea wote kwa pamoja. Kituo cha kuhudumia wateja kwa simu kitafanyaje kazi hivyo? Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na kikwazo hicho kikapungua. Lakini tayari India na Ufilipino walikuwa wameshalikalia soko.

Faida tumeipata, tusikatae. Mfanyabiashara wa Kariakoo leo anapiga Guangzhou kwa WeChat, anaonyeshwa mzigo kwa video, hakati tiketi ya ndege. Tatizo ni kwamba mteja wake wa Mbeya naye anaweza kupiga hukohuko Guangzhou. Ukiishi kwa kuwa katikati tu, simu hii itakuruka.

Wapo watakaosema basi tuzizuie. Falme za Kiarabu wamefanya hivyo: ndugu zetu walioko Dubai wakitaka kuongea na nyumbani hawapigi kwa WhatsApp, wanatumia programu zenye kibali. Kuzuia kunaweza kulinda mapato ya kampuni za simu. Hakumpi kijana kazi hata moja.

Maoni yangu ni kwamba tuache kushindana kwa bei. Kwa bei atapatikana wa chini yako kila siku. Tuuze kile ambacho Manila hawana. UNESCO inasema wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200. Kila kampuni ya nje inayowataka itahitaji mtu wa kupokea simu zao, kuelewa malalamiko yao na kujua hela wanalipaje. Na tusiishie kupokea simu tu. Africa's Talking, iliyoanzia Nairobi, inawauzia watengenezaji programu huduma za sauti na ujumbe. Hiyo ndiyo ngazi ya juu: kumiliki njia, siyo kukaa mwisho wa njia na hedifoni masikioni.

Mwenzangu ameandika upya tangazo lake la kazi. Zamani mstari wa kwanza ulisema "bei nafuu". Sasa unasema anatengeneza tovuti za Kiswahili zinazopokea malipo ya simu. Wateja bado hajapata. Ila safari hii, atakayetaka kumpokonya itabidi kwanza ajifunze Kiswahili.