Figo Moja, Majina Matatu

Katika Biolojia ya sekondari, somo linapofika kwenye utoaji wa taka mwilini, mwanafunzi wa Mtongwe, huku Likoni, hukutana na majina matatu ya kiungo kimoja. Kwanza "kidney", alilolijua tangu shule ya msingi. Halafu "renal artery", mshipa unaopeleka damu kwenye kiungo hicho. Kisha "nephron", vijirija vyembamba vinavyoichuja damu yenyewe. Neno la kwanza ni Kiingereza cha kila siku, la pili lina asili ya Kilatini, la tatu ya Kigiriki. Mwanafunzi anazijua figo vizuri; ameziona buchani zikipimwa pamoja na maini. Lakini hakuna chochote katika "renal" wala "nephron" kinachomdokezea kwamba anaendelea kusoma habari za figo.

Toleo hili linahusu msamiati wa juu wa Kiingereza, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi wa Likoni wanapokwama, na mara nyingi kukwama huko huitwa uvivu. Si uvivu. Ni tatizo lenye sababu zake, na watu wanaolijua kwa undani kuliko wengi ni Wachina.

Wachina si wageni upande huu wa bahari. Kampuni ya China Road and Bridge ndiyo iliyojenga reli ya kisasa iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ambayo stesheni yake kuu ya Mombasa iko Miritini. Ndiyo pia iliyojenga daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka Liwatoni hadi upande wa Likoni, lililoanza kutumika mwanzoni mwa 2021. Mhandisi wa kampuni kama hiyo hufika Mombasa akiwa amepitia miaka mingi ya Kiingereza darasani. China iliagiza mwaka 2001 kwamba somo hilo lianze darasa la tatu la msingi, na mtihani wa taifa wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu umekuwapo tangu 1987.

Tatizo la mhandisi huyo linafanana mno na la mtoto wa Mtongwe. Kwa Kichina, ugonjwa wa ini huitwa "ganyan": "gan" ni ini, "yan" ni uvimbe wenye maumivu. Kwa Kiswahili tunasema homa ya ini. Katika lugha zote mbili, neno la daktari limeundwa kwa maneno ambayo mgonjwa anayajua. Kiingereza kinasema "hepatitis", na ini halionekani humo. Mfaransa na Mhispania hawasumbuki sana, maana kwao neno hilo ni karibu lile lile. Kwa neno kama hilo, Mchina na Mswahili hawana jamaa wa kuwapokea mlangoni.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000, familia moja ikiwa ni neno pamoja na wote waliozaliwa nalo. Mwenzake Averil Coxhead alikuwa ametoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 tu ambazo huchukua karibu asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma. Nyingi kati ya hizo ni za asili ya Kilatini na Kigiriki. Hizo 570 zinafundishika. Kinachoshangaza ni jinsi zinavyoachwa zijifundishe zenyewe.

Wachina wamejaribu njia ya kukariri kuliko taifa lolote. Yu Minhong, aliyeanzisha shule za New Oriental mwaka 1993, aliandika kitabu cha msamiati wa mtihani wa GRE ambacho wanafunzi walikiita kitabu chekundu, na vizazi vya vijana vimelala navyo vitabu vya namna hiyo chini ya mto. Orodha nyingi hupangwa kwa alfabeti na kuanza na "abandon", kwa hiyo China nzima inalijua neno hilo, hata walioishia ukurasa wa pili. Aliyevumilia hadi mwisho hutoka na maelfu ya maneno asiyojua yanakaa na nani. Ataandika "learn knowledge", jambo ambalo Mwingereza halisemi, kama vile sisi tunavyoandika "discuss about" bila wasiwasi. Orodha humpa mtu neno. Kurasa nyingi zilizosomwa ndizo zinazomwonyesha marafiki wa neno hilo.

Hata hivyo, mwanafunzi wa China ana faida moja kubwa isiyotajwa sana: figo alizisoma kwa Kichina. Anapolikuta "nephron" kwenye kitabu cha Kiingereza, anajua tayari linafanya kazi gani, wapi, na kwa nini. Anachokosa ni jina tu. Mtoto wa Mtongwe hupewa jambo na jina siku moja, ndani ya kipindi cha dakika 40, kwa lugha ambayo bado anajifunza. Asipoelewa, hawezi hata kueleza kama kilichomshinda ni figo au ni Kiingereza. Mwalimu naye hawezi kujua.

Ndiyo maana jarida hili linasema wazi: Kiswahili darasani si adui wa Kiingereza kigumu. Zipo shule ambazo bado humvisha mtoto kibao cha aibu, kile wanafunzi wanachokiita "disk", kwa kosa la kusema Kiswahili. Kibao hicho hakijawahi kumfundisha mtoto maana ya "renal". Kimemnyima lugha pekee ambayo angeitumia kuuliza.

Wapo watakaotaja Tanzania: huko watoto husoma sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, na bado wengi hulemewa wafikapo kidato cha kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Lakini linalowalemea ni kwamba lugha yote hubadilishwa kwa mpigo, bila mtu kuwaonyesha kwamba usanisinuru walioujua jana ndio "photosynthesis" ya leo, na kwamba "photo" hiyo ni nuru, itakayorudi tena kwenye Fizikia. Kufundisha viungo vya neno namna hiyo kunahitaji dakika tano za kipindi. Mtoto wa pwani tena ana pa kuanzia ambapo Mchina hana: oksijeni, hidrojeni, demokrasia na jiografia tayari zimo kinywani mwake, ilhali Kichina kilijiundia maneno yake.

Kinachobaki kigumu kweli ni vitabu. Maktaba kubwa ya umma iko kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri, na mtoto anayerudi nyumbani saa kumi na moja jioni hatavuka kwenda kuazima riwaya. Kabati moja la vitabu na magazeti darasani, lisilofungwa kwa kufuli, lingefanya kazi kuliko orodha yoyote ya maneno.

Vifaa vya kuanzia vipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwaka 1996 kamusi ya Kiingereza–Kiswahili. Walimu wa sayansi na wa lugha katika shule moja wakikaa pamoja likizo hii, wanaweza kuchagua istilahi za muhula mzima, kuziandika kwenye karatasi kubwa kwa lugha zote mbili pamoja na mizizi yake, na kuzibandika ukutani kabla shule hazijafunguliwa.