Hadithi za Mazimwi Zisiondolewe Shuleni

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita mzee mmoja alisimama akasema neno ambalo halijanitoka moyoni hata leo. Alisema vitabu vya mazimwi, mizimu na wafu wanaotembea viondolewe katika maktaba yetu, na sinema za namna hiyo zisionyeshwe tena hapa. Sababu yake haikuwa ndogo. Jioni moja wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakitoka kujisomea. Mmoja akapiga kelele kwamba ameona msukule kwenye njia ya mtoni. Wote wakakimbia ovyo gizani, na mtoto mmoja akaanguka akavunjika mkono. Mtoto huyo ni mjukuu wa yule mzee.

Watu wengi walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na wenzangu tuliopewa kazi ya kupanga viti, wala haikuwa zamu yetu kusema. Basi nasema leo katika gazeti letu, kwa heshima zote. Nampa mzee wetu pole kwa mjukuu wake, lakini sikubaliani naye. Mkono wa mtoto yule haukuvunjwa na hadithi. Ulivunjwa na kitu kingine kinachofanana na hadithi kwa sura tu, nami nitajaribu kueleza tofauti yake.

Kwanza nikiri kwamba hadithi hizi nazipenda sana. Katika zote, niipendayo kupita nyingine ni ile ya Nunda mla watu. Ni hadithi ya kale ya Unguja. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Zanzibar, aliiandika kama alivyosimuliwa na wenyeji, akaichapisha mwaka 1870. Kwa wale ambao hawajaisoma nitaieleza kwa ufupi.

Sultani Majinuni alikuwa na paka. Siku moja paka akakamata ndama. Watu wakaenda kumshtaki, naye Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi neno gani? Paka akaendelea. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala punda, na kila mara jibu likawa lile lile. Mwisho akala mtoto wa watu, kisha akala mtu mzima, na Sultani bado akamtetea. Siku paka alipowaua wana wa Sultani mwenyewe, ndipo baba yao alipofumbuka macho akasema kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Mtoto wake wa mwisho akaapa kumtafuta nunda na kumwua. Akaingia mwituni, akaua mbwa, akamkokota mpaka nyumbani kwa nyimbo na shangwe. Mama yake akamtazama mnyama, akamwambia mwanawe kwamba huyo siye. Akarudi mwituni, akaua ngawa. Mama akasema siye. Akaleta punda milia, akaleta twiga, akaleta kifaru, akaleta hata tembo, na kila safari kijana alikuwa na hakika kwamba kazi imekwisha, na kila safari mama alisema siye. Mwishowe kijana akajifunza alama za nunda, masikio yake yalivyo, madoa yake na mkia wake. Akapanda mlimani na watu wake, wakamkuta nunda amelala, wakamwua. Nchi ikapona.

Mtu akisoma hadithi hii mara ya kwanza humwogopa nunda. Akiisoma mara ya pili humwogopa Sultani, kwa kuwa nunda alifugwa nyumbani kwake akinenepa, na mwenye nyumba hakutaka kusikia. Mimi nimeisoma mara nyingi, na siku hizi ninayemfikiri zaidi ni yule mama. Nitamrudia baadaye.

Baada ya Nunda, nawapenda wafu wanaotembea. Wenzangu wengi hudhani kwamba hao ni mambo ya sinema za Marekani tu. Ni kweli kwamba picha ya George Romero ya mwaka 1968 ndiyo iliyoeneza duniani wafu wa kula watu. Lakini jina lenyewe, zombi, lilijulikana kutoka Haiti, nchi ya watu weusi waliopelekwa utumwani kulima miwa, wakajikomboa mwaka 1804. Zombi wa Haiti hana desturi ya kula watu. Ni maiti aliyeinuliwa na mchawi ili alime shamba la mwingine bila mshahara na bila kusema neno. Msimulie habari hiyo mzee yeyote wa hapa Mlali, naye atakuambia mara moja kwamba huyo ni msukule. Msukule wetu naye, kama isemwavyo, hukatwa ulimi, hulishwa pumba na kulima usiku. Watu wa Haiti na watu wetu, bahari kubwa ikiwa katikati, wameogopa jambo moja, yaani kufanyishwa kazi hata baada ya kufa. Nami sioni ajabu. Misafara ya watumwa ilipita Morogoro, na baadaye yakaja mashamba ya mkonge ya wageni. Aliyeona mtu akilimishwa kwa nguvu mpaka nguvu zimwishe anajua hofu ya msukule ilikopata chakula chake.

Wako na waandishi wetu waliotumia hofu hizo kwa akili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la kuandika hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, na wengi wanaogopa hata kupasogelea. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauliza, anapima na kufikiri, mpaka anaonyesha kwamba ile ilikuwa kazi ya binadamu. Said Ahmed Mohamed naye, katika Babu Alipofufuka cha mwaka 2001, alimleta babu kutoka kaburini amtembeze mjukuu wake mkubwa wa serikali, aone taabu ya watu asiyotaka kuitazama. Katika kitabu hicho aliyekufa anaona kuliko aliye hai. Hata filamu za Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotoka miaka ya mwanzo ya 2000, ingawa zilitutia hofu tulipokuwa wadogo, zilitoka katika imani za watu wetu wenyewe.

Sasa nije kwenye tofauti niliyoahidi. Bibi yangu mzaa mama, anayekaa juu milimani upande wa Mgeta, ni hodari wa hadithi za mazimwi. Kabla hajaanza hutuita, nasi huitikia. Akimaliza hutuambia kwamba hadithi imekwisha, twende tukalale. Hadithi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Zimwi huachwa humo ndani na mlango hufungwa. Uvumi hauna mlango. Haukuanza mahali wala haumaliziki mahali. Hauna msimulizi, maana kila mtu amesikia kwa mwingine. Tena zimwi la hadithi halina nyumba kijijini kwetu, lakini zimwi la uvumi lina nyumba, lina jina, na watu wanajua njia ya kulifikia.

Najua hayo kwa kuwa mimi mwenyewe nilipata kuwa mwenye kosa. Nilipokuwa Darasa la Nne nilikuwa nikikaa kwa bibi. Jirani yetu alikuwa kikongwe mmoja aliyeishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Kijana mmoja wa kijiji akafariki kwa homa. Wiki mbili baadaye nikawaambia wenzangu kwamba usiku nimesikia jembe likilima katika shamba la kikongwe yule. Jembe nililisikia kweli. Lakini nilipoona wenzangu wamenikazia macho na kunyamaza kunisikiliza, nikaongeza kwamba nimemwona na mtu, naye ametembea kama yule kijana aliyezikwa. Hayo yalikuwa uongo.

Siku ya tatu habari ilikuwa imefika kijiji chote, nayo imeota miguu ambayo mimi sikuipa. Watoto tulianza kurusha mawe juu ya bati lake. Watu wazima waliacha kumsalimu kisimani. Usiku mmoja vijana wakakusanyika mbele ya mlango wake na marungu. Bibi yangu akajifunga kanga, akaenda akaketi katika kizingiti cha jirani yake. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, "Nani kamwona kwa macho yake?" Huyu akasema kaambiwa na fulani. Fulani akaulizwa, akasema kaambiwa na mwingine. Kamba ile ikavutwa mkono kwa mkono mpaka ikafika kwangu. Nikalia, nikasema kweli.

Kikongwe akatoka akatuonyesha viganja vyake vilivyotoka malengelenge. Alikuwa akilima matuta yake ya njegere mwenyewe kwa mbalamwezi, kwa sababu jua la mchana lilimchoma macho na hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Vijana wakatawanyika. Mwezi ule ule akahamia kwa mwanawe mbali, wala hakurudi tena. Shamba lake hata leo nikipita huona aibu.

Wasomaji wapenzi, usiku ule bibi yangu alifanya kazi ya mama wa kijana wa Nunda. Watu walikuja na hakika yao, wanashangilia, naye akawaambia, siye. Nilipokuja kuisoma hadithi hii miaka kadhaa baadaye, nilimtambua mama yule mara moja.

Si kila mahali amepatikana mtu wa kusema siye. Tangu zamani nchini mwetu upo uvumi wa mumiani, watu wanaosemwa kwamba hunyonya damu ya wenzao ili waiuze. Hata hapa Uluguru uvumi huo ulikuwapo, na mtaalamu wa Kiholanzi, Peter Pels, aliandika juu yake mwaka 1992. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji, na gari lao likachomwa moto. Wawili walikuwa watafiti na mmoja dereva wao. Walikuja kuchukua udongo wa kupima. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nako vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu kama ya jirani yetu. Wale waliouawa Chamwino hawakuuawa na kitabu. Waliuawa na uvumi, mahali ambapo hakuna aliyesimama kuuliza alama.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, vitabu vibaki. Mwanafunzi aliyemfuata Bwana Msa mpaka ukurasa wa mwisho amejifunza kuuliza, na mwenye kuuliza si rahisi kumkimbiza gizani. Pili, nakubaliana na mzee wetu katika jambo moja: si kila sinema inafaa kila umri. Picha ambayo ndani yake hamna ila damu na makelele, walimu waizuie, na wadogo wa Kidato cha Kwanza wasionyeshwe mambo ya kutisha usiku halafu waachwe warudi nyumbani bila taa. Tatu, hadithi hizi zipewe saa yake na mahali pake, mwalimu akiwapo, na baada ya kusoma tujadiliane: nani alimfuga nunda huyu, na tutamjua kwa alama gani? Nne, mwanafunzi yeyote atakayesema kwamba ameona msukule aulizwe kwa upole yale aliyouliza bibi yangu. Asipigwe wala asichekwe, maana najua jinsi kilivyo kitamu kisa cha uongo mbele ya wenzako, na jinsi kilivyo kizito kukirudisha.

Sidai kwamba nazijua siri zote za dunia. Wazee wanajua mengi ambayo sisi hatuyajui. Lakini nimekwisha ona kwamba kijiji chaweza kukaa na mazimwi elfu ya hadithi bila mtu kudhurika, na chaweza kumpoteza jirani kwa msukule mmoja wa uvumi.

Mwisho, nina ombi kwa mzee wetu. Baada ya mkutano, nilipokuwa nikirudisha viti, nilimsikia akimsimulia mwenzake habari za zimwi aliyokuwa akisimuliwa na marehemu nyanya yake, na wote wawili wakicheka. Twamwomba kwa adabu aje shuleni Ijumaa moja jioni, atusimulie na sisi. Mjukuu wake, ambaye mkono wake sasa umepona, ameniahidi kwamba atakaa mstari wa mbele.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na aandike muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu