MAJI YA VISIMA YAPIMWE



Kila mwezi twajadili mishahara, likizo na saa za kazi, na ni haki yetu kufanya hivyo. Lakini mshahara huingia mfukoni, na maji huingia mwilini. Mwezi huu twataka kusema juu ya maji ya visima katika Thika na Ruiru, maana wengi wetu huyanywa kila siku na hatujui yana nini ndani yake.

Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi ya kahawa yamegeuka kuwa ploti. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu zaidi ya milioni 2 na laki 4 katika Kaunti ya Kiambu. Mifereji haikuweza kwenda mbio kama nyumba, basi wenye ploti wakachimba visima, vifupi kwa mikono na virefu kwa mashine. Tena mabwawa ya Ruiru na Ndakaini, hili la pili lilimalizika mwaka 1994, hupeleka maji Nairobi. Maji ya mito yetu yatupita ndani ya bomba, nasi twateka chini ya ardhi.

Hatusemi kwamba kila kisima ni kibaya. Twasema kwamba macho hayapimi maji. Yako mambo matatu ambayo macho hayawezi kuyaona.

La kwanza ni vijidudu vya kinyesi, viletavyo homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara. Watu wa afya hushauri choo cha shimo kiwe mbali na kisima mita 30. Je, ni ploti ngapi zetu zina upana huo? Mwaka 2007 wataalamu walichapisha habari za mtaa wa Langas, Eldoret, ambako visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vilikutwa na vijidudu hivyo. Katika maji safi hapatakiwi hata kimoja ndani ya mililita 100.

La pili ni naitreti, itokayo katika vyoo na mbolea za mashamba. Ikipita miligramu 50 katika lita moja, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo aweza kukosa hewa katika damu.

La tatu ni floridi. Hii haitoki chooni, yatoka katika mawe ya volkano yaliyo chini yetu, na kisima kirefu chaweza kuwa nayo nyingi kuliko kifupi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Na hapa ndugu wasikie vizuri: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi wala naitreti. Maji yakipungua sufuriani, hizo hubaki.

Sisi watu wa reli yatupasa kulifahamu jambo hili upesi. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, injini zilikuwa za mvuke. Maji mabaya yaliharibu boila kwa magamba na kutu, ndiyo maana kazi ya reli ikajifunza kuyapima na kuyatia dawa. Ikiwa chuma kilistahili kupimiwa maji, mtoto wa mfanya kazi je?

Sheria haikutusahau. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari iliyo mkononi mwa mtu mwingine, ikiwa yahitajika ili kulinda haki. Huduma za maji na za afya ya wilayani ni kazi ya Kaunti. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 32, yamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba alizowapa wafanya kazi wake.

Twajua yatakayosemwa. Mwenye ploti atasema kisima kilipimwa kilipochimbwa. Vema, lakini tangu siku ile vyoo vingapi vimechimbwa jirani? Wengine watasema kodi itapanda. Twajibu: gharama ya kupima kisima kimoja ikigawanywa kwa milango ishirini ni ndogo kuliko siku moja ya mtoto kulazwa. Na tusifichane, wamo wanachama wetu wenye ploti. Hao waanze, ili tuwe na uso wa kuwadai wengine.

Basi twaomba kila tawi lifanye haya. Wapangaji waende kwa mwenye ploti pamoja, kwa adabu, waombe karatasi ya upimaji. Mtu mmoja akienda peke yake huambiwa ahame. Kama hakuna karatasi, pimeni kwa mchango, na mtaje mambo yote matatu. Tawi liandike barua kwa afisa wa afya wa Kaunti, kumtaka apime visima vinavyouza maji na matokeo yabandikwe langoni. Maji yakiwa na vijidudu, chemsheni au tieni klorini. Yakizidi floridi au naitreti, yafulieni nguo, na ya kunywa na kupika yatafuteni kwingine, kama mfereji au mvua ya mabati. Nakuru wamechuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Lililowezekana kule litawezekana na hapa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matawi yalete majibu katika mkutano ujao.

Umoja ni Nguvu.