Ukipanda Kulal, mwenyeji apone

Kijana, ukiambiwa utaje milima ya Kenya, utaanza na Mlima Kenya, uongeze Longonot na Ngong, kisha ukwame. Kulal hautajwi. Na huko kupanda si mchezo!

Mlima huu uko Kaunti ya Marsabit, mashariki mwa Ziwa Turkana. Chini ni mawe ya volkano na jua la kuchoma. Juu, katika kimo cha takriban mita 2,285, kuna msitu unaonasa ukungu, na ndani yake anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni asiyepatikana kwingine duniani. Upepo unaopita kati ya Kulal na Mlima Nyiro ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa Loiyangalani. Huenda simu unayosomea haya imechajiwa na upepo huo.

Kwa hivyo tunasema: nenda ukaone. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, wewe ukienda, mwenyeji atapona?

Kwa wafugaji, msitu ule ni maji, na ni malisho nyasi za chini zikiisha. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua mifugo wengi kaskazini. Moto wako wa kuchoma nyama ukitoroka, wewe utarudi Nairobi. Wao watabaki na majivu.

Kwanza, kabla ya kupanda, pita kwa chifu na wazee. Watakueleza hali ya usalama na mahali pasipokanyagwa ovyo. Pili, tafuta kijana wa pale akuongoze, na usimkazie bei kama uko Gikomba. Anajua njia ambayo simu yako haijui. Tatu, beba maji ya kutosha na urudi na takataka zako zote. Nne, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mama aliyevaa shanga zake si pambo la ukurasa wako.

Kaunti nayo isingoje wageni wafurike ndipo ianze kuwafunza vijana wake kazi ya kuongoza watalii. Iwafunze sasa, na ada za wageni zibaki vijijini.

Wewe unayepanga safari Desemba, weka pesa ya kiongozi kwenye bajeti kabla ya pesa ya bando.