Marashi yanakaa, lakini yamekukaa?

Siku ya soko Kwa Sadala, pale barabara ya kupanda Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi–Arusha, muuzaji wa pafyumu za kupima ana sifa moja kwa kila chupa: "Dada, hii inakaa. Unafua nguo, harufu bado ipo." Mteja hunusa kizibo, hukunja uso kidogo, hulipa. Kama harufu yenyewe imempendeza, hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza hela. Marashi kukaa muda mrefu si ushahidi kwamba ni mazuri. Harufu ya limau au chungwa hutokana na chembe nyepesi zinazoruka upesi, hivyo aliyejipulizia asubuhi hatarajii kuisikia adhuhuri, hata chupa iwe ya bei gani. Msandali, udi, vanila na miski ni nzito, huondoka taratibu. Kiasi cha mafuta nacho kinachangia: chupa iliyoandikwa eau de toilette kwa kawaida huwa na asilimia 5 hadi 15 ya mafuta ya kunukia, na eau de parfum asilimia 15 hadi 20. Mafuta ya Kiarabu yasiyo na spiriti hung'ang'ania ngozi kwa saa nyingi, ila hayasambai mbali.

Watu wa mwambao wanalijua hili tangu zamani. Zanzibar nguo hufukizwa udi kwenye chetezo ili zishike moshi wake kwa siku kadhaa, na jioni ile ile mwanamke huvaa asmini kichwani. Asmini hunyauka kabla ya kesho yake. Hakuna anayeilaumu.

Tena kiu ya harufu isiyokatika ina gharama yake porini. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, hung'olewa pamoja na mizizi kwa sababu ya mafuta yake, na inayoandamwa zaidi ni miti jike. Mwaka 2013 mti huo uliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES ya biashara inayodhibitiwa, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizohusika.

Ngozi na hali ya hewa navyo vina sauti. Ngozi kavu huyapoteza marashi mapema kuliko iliyopakwa mafuta. Baridi ya Juni na Julai huko juu Masama huifumba harufu. Matone yale yale, ndani ya Noah iliyojaa saa nane mchana wa Februari, humfanya abiria wa jirani afungue dirisha. Na mvaaji mwenyewe hajui, kwa kuwa pua huzoea. Baada ya muda haisikii tena harufu yake, anadhani imekwisha, anajipulizia upya. Wengi wanaolalamika kwamba pafyumu yao haikai wako katika hali hiyo: bado inanukia kwa kila mtu isipokuwa wao.

Kuna maduka yanayomnusisha mteja punje za kahawa kati ya chupa na chupa ili pua ipumzike. Kwa watu wa migomba na kahawa ni wazo la kupendeza, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kahawa haisaidii zaidi ya hewa ya kawaida. Kutoka nje ya kibanda kunatosha.

Basi mteja wa Kwa Sadala asinunue kwa kunusa kizibo. Aombe tone moja kwenye kifundo cha mkono, moja tu, kisha aende kwenye ndizi, kwenye mitumba, akamalize shughuli zake kwa saa mbili. Akirudi na kukuta harufu ya asubuhi imegeuka kitu asichokitaka, hela yake imepona. Akijikuta ameuleta mkono puani mara ya tatu bila kukusudia, apimiwe mililita 10, hata kama muuzaji anaapa kwamba chupa ya pembeni ndiyo inayokaa.